Kilombero, Bonde la Waliotoka Kwingine

Mtu wa Tana, kwetu Kenya, akishuka Ifakara ataitambua ardhi kabla hajawatambua watu. Udongo mweusi unaong'ang'ania soli ya kiatu, mto unaovimba kila masika na kumwaga maji mashambani, mpunga ulioinama kwa uzito, mbu wa jioni wasio na adabu: hayo yote ameyaacha Garsen. Lakini akae kibandani kwa mama muuza wali pale stendi, asikilize lafudhi za wanaokula. Huyu ni wa Iringa, yule Msukuma hata asiposema kabila lake, wa tatu katoka Songea. Mwenye kibanda mwenyewe nilimwamkia, nikamuuliza kwao ni wapi. "Hapahapa, kaka," akajibu, akaendelea kupakua. Baada ya muda akakumbuka: "Ila baba alitoka Njombe kuja kukata miwa, na mama ni Mpogoro wa Mahenge."

Nilikuwa nimekuja na swali ambalo kwetu Kenya huulizwa kwa sauti ya chini: mtu anaacha mkoa wake kwa nini, akaanze maisha kwenye mkoa wa wenzake, na wenzake humpokea vipi? Sijui bonde jingine Afrika Mashariki linaloweza kulijibu vizuri kuliko hili.

Kwa asiyepajua: Ifakara ni mji wa mkoa wa Morogoro, kilomita mia nne na ushei kutoka Dar es Salaam. Unafuata barabara kuu ya Zambia hadi Mikumi, unakata kusini, unapita miwa ya Kidatu ikikufunga pande zote, kisha milima ya Udzungwa inasimama kulia kwako kama ukuta wa kijani hadi unapofika. Kushoto hakuna mlima, ni bonde tu. Mto Kilombero hulishwa na mito mingi ya nyanda za juu, Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Lumemo, na huko mbele hukutana na Luwegu ukazaliwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka hapa. Ng'ambo ya mto ni Ulanga na Malinyi. Zamani watu walivuka kwa kivuko, wakisubiri saa nzima au siku nzima kwa kadiri mto ulivyokasirika. Tangu 2018 kuna daraja la mita 384 lenye jina la Rais Magufuli.

Wenyeji ni nani? Wandamba ndio watu wa mto hasa, wavuvi na wapiga kasia. Wapogoro ni wa milima ya Mahenge, Wabena wa mabondeni wana historia ya watema wao, na Wambunga walisukumwa huku na vita vya karne ya 19, wakati Wangoni walipokuwa wakivuruga kusini yote. Kwa hiyo hata katika hao wanaoitwa wenyeji wamo waliofika wakikimbia, na waliofika wakiteka. Vita vya Maji Maji vilipopita Mahenge mwaka 1905, vikaacha njaa nyuma yake, watu walitawanyika tena. Miaka ya 1940 Waingereza wakawakusanya watu wa bonde katika makazi mapya ili kuwaondoa penye mbung'o waletao malale. Ukihesabu hivyo, hakuna kizazi kilichozikwa pale pale kilipozaliwa bila mtu kukihamisha.

Baada ya uhuru mwendo ukaongezeka. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi miaka ya 1960, na miwa haikatwi na wenye kijiji peke yao. Vijana wa Iringa, Mbeya, Njombe na Dodoma huja kwa msimu, hulala kambini, hukata kwa panga kutoka alfajiri, na msimu ukiisha baadhi hurudi kwao na fedha, baadhi hubaki na mke na ekari mbili.

Halafu ikaja reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, na kipande chake cha kutoka Kidatu hadi Mlimba kinapita katikati ya habari hii. Vijana walioajiriwa kusaga kokoto na kutandika mataruma walitoka kila pembe, na mkataba ulipokwisha wengi waliangalia udongo wakaona hakuna sababu ya kurudi. Mwaka 1973 serikali ilipotangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena ni amri, vijiji vya bonde vilipangwa kando ya reli. Kwetu tumezoea kusikia kwamba reli hufuata watu. Vijiji vya Mbingu, Mngeta na Chita vinaonyesha kinyume chake. Kwa miaka mingi kulikuwa hakuna barabara ya kutegemewa masika, na treni ndiyo iliyobeba magunia ya mpunga, ndizi, kuku, wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, na barua za kumwita ndugu: njoo, huku kuna shamba.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo inayozidi zote. Shamba. Katika mikoa mingi mtu hulima ekari alizogawana na ndugu watano, mvua inampiga chenga, na mbolea hana. Kilombero mto wenyewe ndio mbolea. Mchele wake una sifa hadi Kariakoo, na pale nje ya mji kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na mpunga, kilichojulikana kwa miaka mingi kama KATRIN. Sensa ya mwaka 2002 iliwakuta wilayani Kilombero watu 321,611. Ya 2012 ikakuta 407,880. Si wote hao waliozaliwa hapo.

Sasa ng'ombe. Hapa ndipo mtu wa Tana atakaza masikio.

Wasukuma walianza kuingia kwa wingi kuanzia miaka ya 1980. Kwao Shinyanga na Mwanza, pamba ilikula malisho, watu wakazidi, ukame ukarudia, na ng'ombe wa baba hawakutosheka na nyasi za baba. Hawakuja kwa safari moja. Familia ilipita Tabora, ikakaa Rukwa miaka kadhaa, ikateremka Usangu huko Mbeya, ikahama tena, kila kituo kikizaa watoto na ndama. Walikuja pia na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na kwa mwenyeji aliyezoea jembe la mkono kuona ekari nzima ikipinduliwa asubuhi moja lilikuwa jambo la kuhadithia. Wabarbaig nao walifika, wengine wao wakiwa watu waliopokonywa malisho ya Hanang kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano ya serikali, mradi uliosaidiwa na Kanada. Ngano ya Hanang kuja kumhamisha mtu hadi ukingoni mwa Kilombero! Kuna uhamaji ambao chanzo chake kiko mbali kuliko hata mhamaji mwenyewe anavyojua.

Mwaka 2006 serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umezoea kukauka kiangazi tangu miaka ya 1990, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yakapungua maji, nchi ikakaa gizani, na lawama ikawaangukia ng'ombe, ingawa mashamba makubwa ya mpunga ya umwagiliaji yalikuwa hapo hapo yakinywa mto uleule. Wafugaji walielekezwa zaidi mikoa ya Lindi na Pwani. Wengine walijielekeza wenyewe, wakashukia Kilombero. Mwishoni mwa 2012 operesheni nyingine ikawakuta huko, safari hii kuliokoa bonde la Kilombero. Kaya iliyotolewa Ihefu ikatolewa tena, ikaambiwa iende, na haikuambiwa vizuri iende wapi.

Ni miezi ileile ambayo sisi Tana tulikuwa tukizika. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa baina ya Wapokomo na Waorma, kwa ugomvi uleule wa mkulima na mfugaji, maji na malisho. Kilombero nako kumewahi kutokea vifo na chuki, nisije nikapaka rangi. Lakini halikuwa jambo la kijiji kushukia kijiji kama kwetu, na nimejiuliza sana kwa nini.

Jibu moja liko kwenye siasa za mkoa. Mkoa wa Tanzania hauna gavana wa kuchaguliwa. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, leo yuko Morogoro, kesho kahamishiwa Kagera, naye pia ni mhamiaji kama wengine. Hakuna kiti cha kaunti ambacho kabila linakihesabia vichwa, kwa hiyo Msukuma anayeshuka stesheni na mabegi hajaja kuwa kura ya kumwondoa Mndamba. Sisi Wakenya, tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, tumejifunza kumhesabu jirani kabla hatujamwamkia.

Jibu la pili ni ardhi. Kwa sheria mbili za 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na ile ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji. Mhamiaji halianzi jambo lake kwa wakili wala dalali. Anakwenda kwa mwenyekiti akiwa na barua ya kijiji alichotoka, inayosema huyu tunamfahamu, hana kosa. Akikubaliwa, anapewa shamba au anakodi la mwenzake kwa msimu. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe analipata siku ya kwanza. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alinieleza bila kuficha: "Zamani tulikuwa tunawaomba wakae, kijiji kiwe kikubwa, tupate shule. Sasa hatuwaombi tena."

Hiyo ni kweli upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba kilichotolewa kwa neno la mwenyekiti huondolewa kwa neno la mkubwa wake. Huko Mngeta kuna shamba la zaidi ya hekta 5,000 lililoanzishwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea Kaskazini. Mradi ulipolala, watu waliingia wakalima, wakajenga, wakazika. Alipopatikana mwekezaji mpya walihesabiwa na kuhamishwa. Miaka ya karibuni vijiji vingi vya bonde vimepimwa na wanakijiji kupewa hatimiliki za kimila, karatasi ambayo mzee yule alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kenchi. Nilipomwomba kuiona aliniangalia kwanza usoni.

Kuna uhamaji mdogo pia, ambao hauingii kwenye takwimu za mikoa. Mvua zikianza, kaya nyingi hufunga nyumba ya kijijini na kwenda kukaa mashambani, mbali na kijiji, kwa miezi kadhaa. Huko hulala kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe, nyani na ndege. Watoto huacha shule au hubaki na bibi. Malaria hapo ndipo inapojichagulia watu, na wataalamu wa afya wa Ifakara wamelijua hilo siku nyingi. Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara yake hapa mwaka 1957. Leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kote kwa kazi ya mbu na vyandarua. Tangu 1996 wapo wadodosaji wanaopita nyumba hadi nyumba katika vijiji vya bonde, mara kadhaa kwa mwaka, wakiuliza maswali manne ambayo yangeweza kuwa kichwa cha makala haya: nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama, nani amehamia.

Kinachokuja sasa ni maji tena. Mwaka 2002 bonde liliandikishwa kuwa ardhi oevu ya kimataifa, hekta 796,735. Delta yetu ya Tana ilifuata njia hiyo mwaka 2012. Sheshe, swala mwekundu anayependa nyasi za maji, hapa ndipo alipowahi kuwa kwa wingi kuliko popote. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba. Na chini huko, kwenye Rufiji, limejengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo mitambo yake haiwezi kuzunguka mto Kilombero ukikauka. Waliovutwa na maji wataondolewa kwa ajili ya maji, na sioni dalili kwamba safari hii wataonyeshwa pa kwenda vizuri kuliko mwaka 2012. Bonde linahitaji kulindwa, sibishani na hilo. Nabishana na kawaida ya kumwona mfugaji na mlima mpunga kwanza, na mwekezaji baadaye.

Msomaji atakayetaka kwenda aende Juni au Julai, mpunga ukiwa umevunwa na barabara za ndani zimekauka. Avuke daraja hadi Lupiro, ale perege na kambale, na mtu akimuuliza anatoka wapi ajibu bila woga, kwa kuwa huko ni maamkizi tu. Mchele wa bonde anaweza kuukuta mbali zaidi ya hapo. Kaskazini mwa Malawi, upande wa Karonga, wakulima wanalima mpunga wenye harufu nzuri ambao unauzwa hadi Uingereza, na jina lake huko ni lilelile: Kilombero.