Maelezo Kuhusu Arifa Zinazotolewa na Mifumo ya Malipo

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa maana ya maneno mafupi yanayojitokeza kwenye kioo cha simu au kompyuta baada ya mtu kubonyeza kitufe. Maneno hayo huitwa arifa, na kazi yake ni ile ya karani aliyeko dirishani: kumwambia mwenye shida kwamba ombi lake limepokelewa, limekataliwa, au bado linatazamwa.

Uchukuliwe mfano wa mwenye duka wa Ngaramtoni, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, chini ya Mlima Meru. Anaomba leseni ya biashara kwa simu na kungojea namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, iliyozoeleka Tanzania Bara tangu mfumo wa GePG ulipoanza mwaka 2017. Akibonyeza na kioo kikabaki kimya, atabonyeza tena, na hawezi kulaumiwa kwa hilo. Huenda yakatokea maombi mawili kwa leseni moja, na karani wa halmashauri akatakiwa kufuta moja asijue ni lipi. Mambo ni hayo hayo Unguja na Pemba kwa wanaolipa kupitia ZanMalipo.

Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, katika kanuni zake kumi za mwaka 1994 aliitanguliza hii: mfumo umjulishe mtumiaji kila mara unafanya nini. Alieleza pia kwamba zikipita sekunde 10 bila jibu, mtu hushika jambo jingine. Kwa hiyo kitufe kikishabonyezwa kifungwe, na maneno "Ombi linashughulikiwa" yaonekane papo hapo.

Lililo zito zaidi ni pale mawasiliano yanapokatika katikati. Ombi limefika, kumbukumbu imeandikwa, lakini jibu halikurudi. Mfumo ulioandikwa kwa haraka husema, "Imeshindikana." Hiyo si kweli, kwani mfumo wenyewe haujui. Arifa ya haki husema: "Jibu halijapatikana. Usilipe tena kabla ya kutazama orodha ya maombi yako." Maneno hayo machache huokoa fedha ya mtu.

Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa wako watu, wanaume zaidi, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Wala arifa ya kosa isitoweke yenyewe baada ya sekunde chache. Kwa wasioona, toleo la 2.1 la mwongozo wa kimataifa wa WCAG, la mwaka 2018, linataka arifa za hali ziweze kutangazwa na programu za kusoma kioo kwa sauti pasipo mtumiaji kuzitafuta.

Watumishi wanaokabidhiwa mifumo mipya wanaombwa wakate intaneti makusudi katikati ya ombi la majaribio, wasome kioo kinasema nini, ndipo watie saini. Mwananchi naye akiletewa arifa asiyoielewa, anakili maneno yake kama yalivyo, pamoja na saa, na kuyapeleka ofisini. Kusema tu "mfumo umegoma" hakumsaidii fundi kulipata kosa.