Umerudi Kwenye Pool? Chagua Fimbo Isiyotikisa Mfuko Wala Ndoa

Kama uliwahi kucheza pool ukaacha kwa sababu ya ndoa, malezi au ukata, makala hii ni yako. Mimi nilikaa pembeni miaka sita. Watoto wawili, duka la vitenge hapa Geita mjini, mume anayeingia shifti ya usiku mgodini. Muda wa kuinama mezani ningeutoa wapi? Sasa mdogo ameanza shule na mimi nimerudi. Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni, basi.

Najua unachotaka kuuliza: mke wa mtu anatafuta nini kwenye meza ya pool? Mchezo huu una jina baya, na jina hilo halikutoka hewani. Geita ni mji wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu nao wana maduara yao. Hela ya dhahabu huja ghafla na kuondoka ghafla, na meza ya pool mara nyingi iko pale pale penye bia na kamari. Hayati Rais Magufuli, mwenyeji wa Chato katika mkoa wetu huu huu, aliwahi kuwakemea hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi. Lakini tusisahau kwamba ni mchezo wenye chama na mashindano ya taifa. Yale ya Safari Lager, yaliyovuma sana miaka ya 2010, yalikuwa na upande wa wanawake pia.

Kabla ya kurudi nilikaa na baba watoto tukaongea. Jibu lake lilikuwa fupi: "Pool haina tatizo, mama. Nataka kujua unacheza na nani, na nani anakulipia." Wapo wanawake ambao wangenuna hapo. Mimi niliona amegusa penyewe. Fimbo za baa nyingi zimepinda, na ngozi ya kwenye ncha imeisha. Ukitaka kucheza vizuri unaazima ya mtu. Na wewe dada yangu unajua, mjini vya kuazima havina bure. Leo fimbo, kesho soda, keshokutwa namba ya simu. Ukiwa na yako unacheza, unaifunga kwenye mfuko wake, unakwenda zako. Wanaume wale wale waliokuwa wanakuita "mrembo" wanaanza kukuita "shemeji".

Sasa tuje kwenye fimbo yenyewe.

Piga hesabu na mwenzako
Usianze na bei ya dukani, anza na matumizi yako. Tuseme unacheza gemu kumi kwa wiki, kila moja shilingi 500. Hiyo ni 5,000 kwa wiki, 20,000 hivi kwa mwezi. Mimi nilijiwekea kanuni kwamba fimbo isizidi gharama ya kucheza miezi mitatu. Kwa mfano huo ni 60,000, na isiguse ada wala mtaji wa duka. Ndani ya fungu hilo bakiza kidogo kwa ajili ya mfuko wa kubebea, chaki na ngozi ya akiba. Bei ikikushinda, subiri mwezi mwingine. Fimbo ya siri ni mbaya kuliko fimbo iliyopinda, maana ipo siku itaonekana nyuma ya kabati na maelezo yatakuwa marefu.

Angalia meza unayochezea
Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mipira ya meza ndogo za Kiingereza ina upana wa milimita 51 hivi, na mweupe wakati mwingine ni mdogo zaidi. Hiyo inataka fimbo yenye ncha nyembamba, milimita 9 au 10. Mipira ya Kimarekani ina milimita 57, na fimbo zake zina ncha ya milimita 12 au 13. Nenda na rula ndogo kwenye meza yako ya kawaida, upime kabla hujasafiri. Siku hizi hata Mwanza si mbali kama zamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya kwenda kutazama maduka ya michezo haisubiri tena kivuko.

Ukiwa dukani usiwe na haraka
Shika fimbo kama mtu anayelenga bunduki, funga jicho moja, tazama kutoka kwenye kitako mpaka kwenye ncha huku unaizungusha taratibu. Kama imepinda utaiona. Kuibingirisha mezani kunasaidia, lakini kusikudanganye. Baadhi ya fimbo za Kiingereza zimechongwa ubapa kwenye kitako, kwa hiyo zitarukaruka hata kama zimenyooka.

Ile ya vipande viwili inafaa sana kwa mama anayepanda bodaboda. Ifunge mwenyewe, kisha igonge kidogo kwa kiganja. Ikitoa mlio wa kuchezacheza kwenye maungio, irudishe. Uzito wa kawaida ni aunsi 17 mpaka 21, yaani gramu 480 mpaka 600 hivi. Ukiwa unarudi baada ya muda mrefu, 18 au 19 inatosha. Nzito sana itakufanya upige kwa nguvu badala ya akili. Urefu wa kawaida ni sentimita 145 au 147.

Na usinunue rangi! Mapambo ya joka na moto hayaingizi mpira shimoni. Rangi nene huficha mbao, na wewe unataka kuona nyuzi za mbao zikienda moja kwa moja.

Ngozi ndiyo roho yake
Anayetajwa kuleta ncha ya ngozi ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19. Ngozi ndiyo inayoushika mpira mweupe ukauzungusha utakavyo. Fimbo ya bei nafuu iliyonyooka, yenye ngozi nzuri, itaishinda ya gharama yenye ngozi iliyokauka. Ngozi inabandikwa kwa gundi na kusawazishwa kwa msasa. Fundi mwenye mkono mwepesi anaiweza. Ile chaki ya bluu nayo si chaki ya shuleni. Imetengenezwa kwa vumbi gumu la madini, na hati yake ya ugunduzi ilitolewa Marekani mwaka 1897. Usiibe chaki ya mwanao, haitasaidia kitu.

Itunze
Usiiegemeze ukutani wiki nzima, itapinda. Usiiweke karibu na mabati wala kwenye gari lililoanikwa juani. Ilaze, au isimamishe wima ndani ya mfuko wake.

Mwisho, neno kwa wanandoa. Mchezo wa mwenzako usipouelewa, usiupige marufuku kabla hujauliza maswali mawili: unacheza na nani, na nani analipa? Na wewe unayecheza, yajibu kabla hujaulizwa. Baba watoto sasa ndiye anayenikumbusha kuibeba fimbo Jumamosi. Anasema siku nikishindwa kwa fimbo ya baa nyumbani hakukaliki.