Istilahi za Namba na Usalama wa Mkazi wa Mjini

Yanapozungumzwa matatizo ya wananchi walioachwa nyuma na huduma za kidijitali, aghalabu hutajwa vifaa na gharama: simu janja ni ghali, bando huisha upesi, umeme hukatika. Hayo yote ni kweli. Lakini kipo kizuizi kingine ambacho hakitajwi mara nyingi, nacho chatuhusu moja kwa moja sisi tunaoshughulikia lugha. Kizuizi hicho ni istilahi. Mtu aweza kuwa na simu mkononi na fedha ndani yake, asiweze kuitumia kwa usalama kwa sababu maneno yanayotokea katika kioo chake hayamwelezi afanye nini.

Tuchukue mfano wa wilaya mbili za Dar es Salaam. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Temeke ilikuwa na wakazi 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Wengi wao huishi mbali na katikati ya jiji, katika sehemu kama Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande. Zamani, mwenye kutaka kulipa ada au ankara alifika ofisini, akasimama dirishani na kuuliza. Karani alimsikiliza, na pale ambapo neno halikueleweka, alilifafanua. Siku hizi sehemu kubwa ya shughuli hizo hufanyika kwa simu, hata simu ya kitochi. Karani hayupo, na neno limebaki peke yake. Kama halijielezi lenyewe, hakuna wa kulieleza, isipokuwa jirani, wakala, au kijana wa steshenari ambaye huombwa amjazie mtu fomu na mara nyingi hukabidhiwa siri zake zote.

Ni haki kusema kwamba Kiswahili kimekwisha kufaulu katika uwanja huu. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, nyumba zilizotegemea antena zilihitaji chombo cha kupokelea mawimbi ya mfumo mpya. Chombo hicho kiliitwa king'amuzi, neno lililotokana na kitenzi kung'amua, na hadi leo hakuna anayehitaji kufasiriwa. Vivyo hivyo LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni jina ambalo ndani yake mna maelezo ya matumizi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 iliyakuta maneno wakala na salio yakiwa tayari katika vinywa vya watu. Neno muamala, ambalo hapo awali lilikuwa zaidi la vitabuni, lilienea mitaani, hasa baada ya tozo ya miamala ya simu kuanza kutozwa Julai 2021. Maneno haya yamefaulu kwa sababu msikilizaji hupata ndani yake pa kushikia.

Upande wenye kasoro ni ule wa namba. Mkazi wa Tandika au Tandale katika mwezi mmoja hukutana na namba za aina hizi:

(a) Namba ya utambulisho wa taifa, yenye tarakimu 20, ambayo watu huiita namba ya NIDA. Bila namba hiyo hawezi kusajili laini kwa alama za vidole.

(b) Kumbukumbu namba ya malipo, yenye tarakimu 12, itumiwayo kulipia huduma za Serikali. Wananchi wengi huiita kontroli namba.

(c) Tokeni ya umeme, nayo yenye tarakimu 20, ambayo huingizwa katika mita.

(d) Namba ya siri, aghalabu yenye tarakimu nne, ambayo hufungua akiba yake katika simu.

(e) Namba ya uhakiki au ya uthibitisho, ambayo huletwa kwa ujumbe mfupi, hutumika mara moja, kisha hufa.

Zote tano ni namba, na zote huonekana katika kioo kile kile kidogo. Lakini tofauti yake kwa mwenye simu ni kubwa mno. Mtu akiitaja kumbukumbu namba mbele ya watu, hasara haipo. Pengine atapata mfadhili wa kumlipia. Tokeni ya umeme ikisomwa na jirani haitamfaa kitu, maana imefungamana na mita moja tu. Namba ya utambulisho hutajwa pale mtu anapohudumiwa, ingawa haifai kuachwa ovyo. Bali namba ya siri na namba ya uhakiki zikitoka nje, fedha hutoka pamoja nazo.

Hapa ndipo istilahi inapoweza kulinda au kuangamiza. Neno namba ya siri ni istilahi njema kabisa, kwa kuwa limebeba onyo lake: anayeombwa siri hushtuka. Hebu tulitazame sasa neno namba ya uhakiki. Uhakiki ni kazi ifanywayo na mwenye mamlaka. Wananchi wamezoea kuhakikiwa: vyeti huhakikiwa, laini za simu huhakikiwa, orodha za wapiga kura huhakikiwa. Basi tapeli anapopiga simu na kusema, "Mama, nisomee namba ya uhakiki uliyotumiwa sasa hivi," ombi lake laonekana kuwa la kawaida. Anayehakiki ndiye anayeomba namba ya uhakiki! Lugha yenyewe imemsaidia mwizi. Ni kweli kwamba ujumbe wenyewe mara nyingi huonya kwamba namba hiyo asipewe mtu mwingine. Lakini onyo lililo katika sentensi ya pili halina nguvu ya onyo lililo katika jina.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni iliyo nyepesi: kila kitu ambacho mtumiaji hapaswi kumwambia mtu mwingine kiitwe kwa neno siri, na kila kitu anachoruhusiwa kukitaja kisiitwe hivyo. Namba ya siri ibaki kama ilivyo. Ile ya kutumika mara moja iitwe namba ya siri ya mara moja. Nywila, neno ambalo wengi hawalitambui, lifuatane na neno la siri au liliachie nafasi. Kumbukumbu namba ya malipo iendelee na jina lake, maana hueleza kazi yake, na anayeandika tangazo asichanganye majina matatu katika ukurasa mmoja.

Huenda wengine wakapinga kwamba namba ya siri ya mara moja ni istilahi ndefu. Ni ndefu kweli. Lakini ufupi ni sifa mojawapo tu ya istilahi, na hautangulii usalama. Wengine watasema kwamba watu hujichagulia maneno yao wenyewe. Nasi twakubali: mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 yalipewa jina la Mabasi Yaendayo Haraka, wananchi wakayaita mwendokasi, na wananchi wakashinda. Funzo lake ni kwamba istilahi yafaa ipelekwe mitaani ikasikilizwe kabla haijapigwa chapa. Isomwe kwa mama lishe wa Mbagala na kwa bodaboda wa Bunju, kisha waulizwe swali moja: je, namba hii ungempa anayekupigia simu? Jibu lao litatuonyesha iwapo istilahi yafaa.

Wafasiri, basi, wanapotafsiri ujumbe wa simu, wakumbuke kwamba msomaji wao hana karani. Watumishi wa umma wahakikishe kwamba neno lililo katika ankara ndilo lililo katika tangazo na ndilo linalotamkwa dirishani. Walimu nao wana mfano mwema mbele yao. Katika Kisomo chenye Manufaa cha miaka ya 1970, vitabu vya kwanza vya kusomea vilitungwa kutokana na kazi za wananchi wenyewe, kama vile kilimo cha pamba na uvuvi. Leo kazi ya kila siku ya mkazi wa mjini ni pamoja na kutuma, kupokea na kulipa kwa simu. Somo la kwanza la watu wazima laweza kuwa kuzipanga namba tano hizi katika mafungu mawili, za kutaja na za kuficha, pamoja na kujua kwamba ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040, na kwamba kwa kubonyeza *106# mtu huweza kuziona laini zilizosajiliwa kwa jina lake.

Baraza liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 ili kukuza Kiswahili. Kukuza huko hakupimwi kwa wingi wa maneno katika orodha zetu peke yake. Hupimwa pia pale ambapo mtu aliye peke yake na simu yake husoma neno, akajua la kufanya, na akiba yake ikabaki salama.