Diopta 43

Kila Septemba, joto la Lubumbashi linapopanda kabla ya mvua na shule zikiwa zimefunguliwa upya, swali lilelile hurudi kwa wapimaji wa macho wa mji huu. Mtu mwenye miopia, yaani yule anayesoma kitabu bila shida lakini ubao wa darasani humpotelea, akizama kwenye pisini bila miwani ya kuogelea na kufumbua macho, je, maji hayamsawazishii jicho? Kuna ambao hawaulizi tena kwa kuwa wameshajijibu, tena wamekwenda mbele zaidi: mtoto apelekwe majini kila Jumamosi, afumbue macho, na miopia itapungua polepole hata akiwa nchi kavu. Haya ni madai mawili, si moja. La kwanza lina punje ya ukweli iliyovimbishwa; la pili ni uongo mtupu. Lakini kwa kuwa hutembea pamoja, punje ya la kwanza hutumika kuuza uongo wa la pili, na anayelipia ni mtoto anayekaa darasani mwaka mzima bila kuona kilichoandikwa.

Tuanze na punje hiyo. Jicho lina nguvu ya kupinda mwanga ya takribani diopta 60, na karibu theluthi mbili za nguvu hiyo hazitoki kwenye lenzi iliyo ndani kama wengi wanavyodhani. Zinatoka kwenye konea, ule utando mwangavu wa mbele. Konea hupinda mwanga kwa sababu mbele yake kuna hewa, na tofauti kati ya hewa na konea ni kubwa. Ndani ya maji tofauti hiyo karibu inafutika: kipimo cha kupinda mwanga cha maji ni 1.33 na cha konea ni 1.38, kwa hiyo mwanga hupita karibu bila kupindwa. Diopta 43 hivi hupotea papo hapo. Picha ambayo ingetua juu ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, hukimbilia nyuma yake, mbali sana. Kwa mwenye miopia mambo nchi kavu ni kinyume, kwa kuwa picha yake hutua mbele ya retina. Basi ni kweli kwamba maji humsukuma kuelekea upande unaomfaa. Hapo ndipo wengi hufunga hesabu na kushangilia, ilhali hesabu ndiyo kwanza inaanza. Miopia ya diopta 6 si ndogo, ni ya mtu asiyetoka nyumbani bila miwani. Toa 6 kwenye 43, zinabaki 37. Mwenye deni la faranga 43,000 akilipa 6,000, mdai wake hataondoka mlangoni.

Asiyeamini tarakimu na atazame vidole vyake. Mboni ikiwa na upana wa milimita 3, jicho zima lisilo na kasoro yoyote, likiwa majini, huona kila nukta ya mwanga imetanuka kuwa doa lenye upana wa karibu vidole vitatu ukiwa umenyoosha mkono. Kwa mwenye miopia ya diopta 6, doa hilo hupungua kwa karibu sehemu moja ya saba. Hiyo ndiyo zawadi yote ya maji: doa la vidole vitatu kasoro kidogo. Ili maji yamsawazishe mtu kikamilifu, awe na miopia ya diopta zipatazo 43, na hata wale wachache wanaofika 20 ni wagonjwa ambao retina zao zinahitaji uangalizi wa daktari wa macho, si watu wa kuonewa wivu pisini. Anayetaka kujua jicho la majini linavyopaswa kuwa, afungue jicho la samaki aina ya thomson aliyepikwa. Atakuta kipira cheupe kigumu, mviringo kamili. Hiyo ndiyo lenzi ya samaki, iliyoumbwa hivyo kwa kuwa konea yake haimsaidii kitu ndani ya maji. Lenzi ya binadamu ni bapa, na hakuna miopia inayoweza kuifanya kipira.

Jibu linalofuata siku zote ni hili: “Lakini mimi kweli naona kuliko rafiki yangu.” Huenda ni kweli, ila sababu si miopia. Upana wa mboni una nguvu kuliko diopta hizo 6. Mboni ikipungua kutoka milimita 4 hadi 2, doa la ukungu hupungua kwa nusu, na mboni hupungua palipo na mwanga mwingi. Anayeogelea adhuhuri kwenye pisini yenye sakafu ya buluu, au katika maji angavu ya Tanganyika kule Moba, ataona kuliko anayezama jioni katika maji yenye tope, wawe na macho ya namna gani. Umri nao una neno lake, kwa kuwa lenzi ya mtoto huweza kujivimbisha na kufidia diopta kumi na kitu, ilhali ya mtu wa miaka 50 imekwisha kukakamaa. Kisha wapo wanaochanganya mambo kabisa: waliona vizuri wakiwa wamevaa miwani ya kuogelea ya kawaida, isiyo na nguvu yoyote, wakasema maji yamewaponya. Miwani hiyo hurudisha hewa mbele ya konea, kwa hiyo miopia nayo hurudi yote kama ilivyokuwa. Ila kioo chake bapa hufanya vitu vilivyo majini vionekane vikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kwa robo. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni vitu vya mbali, kikubwa na cha karibu ni nafuu. Nafuu hiyo ni ya kioo, na huisha akivua.

Wasomaji wa mitandao wamezoea kuleta hoja ya Wamoken, watu wa bahari katika visiwa vya Thailand na Myanmar, ambao watoto wao huokota makombe chini ya maji kwa macho matupu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa imepimwa. Mwaka 2003 Anna Gislén wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walionyesha kwamba watoto hao huona chini ya maji mara mbili zaidi ya watoto wa Ulaya. Siri yao ilikuwa ileile: wanabana mboni hadi chini kidogo ya milimita 2 na kuivimbisha lenzi hadi mwisho wa uwezo wake. Baadaye watoto wa Sweden walifundishwa nao wakaweza. Sawa. Huo ni ustadi wa kutumia jicho la kitoto ambalo halijabadilika umbo, wala utafiti huo haukuhusu kutibu miopia. Na hata huyo Mmoken bado anaona ukungu. Anachofanya ni kuupunguza.

Madai ya tiba ndiyo hayavumiliki. Miopia nyingi hutokana na tunda zima la jicho kurefuka, na milimita moja ya ziada hutosha kuleta diopta 2 na nusu au zaidi. Atakayedai kwamba maji yanatibu, kwanza aeleze ni kwa njia gani maji yanayogusa konea kwa dakika 20 yatafupisha tunda la jicho kwa nyuma. Hakuna aliyewahi kueleza. Kinachotokea hasa kinajulikana: maji baridi yasiyo na chumvi husomba machozi na kuvimbisha konea, klorini ya pisini hulichubua jicho likawa jekundu, na mtu hutoka akiona miduara ya rangi kuzunguka taa. Wanaosema wekundu huo ni “uchafu unaotoka” wanaita jeraha dawa. Tena wapo wanaowapeleka watoto mtoni ati maji ya asili hayana kemikali, katika mkoa ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika kwa miaka kuhusu shaba na kobalti iliyomo kwenye mito yetu! Pingamizi moja tu lina uzito: mbona watoto wanaocheza nje hupata miopia kidogo? Ni kweli. Huko Guangzhou, China, wanafunzi walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipata miopia kwa asilimia 30.4 baada ya miaka mitatu, dhidi ya 39.5 ya wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Lakini kinachoaminika kusaidia ni mwanga wa mchana, nao unapatikana bure uwanjani, mtoto akiwa mkavu. Tena huchelewesha miopia kuanza. Hauondoi iliyokwisha kuingia.

Basi, ya kufanya. Mtoto asiyeona ubao apimwe na apewe miwani, mwezi huuhuu. Kwa kuogelea, ipo miwani yenye nguvu ya miopia, huuzwa kwa hatua za nusu diopta. Chukua namba iliyo karibu na ya cheti chako, na astigmatizimu ndogo usiihangaikie. Miwani ya kawaida usizame nayo, maana majini lenzi zake hubakiwa na theluthi moja tu ya nguvu. Lenzi zinazovaliwa juu ya jicho ziache nyumbani: katika maji ya pisini, ziwa na hata bomba huishi amiba aitwaye Acanthamoeba, ambaye akinasa chini ya lenzi anaweza kuila konea. Ukilazimika, tumia za siku moja, vaa miwani ya kuogelea isiyopitisha maji juu yake, na zitupe ukitoka. Kwa kupiga mbizi usitumie miwani ya kuogelea, kwani haifuniki pua, hivyo huwezi kupuliza hewa ndani kusawazisha shinikizo, na mishipa midogo ya jicho hupasuka. Vaa maski inayofunika pua, na mwambie fundi aibandikie lenzi za namba yako kwa ndani.