Ufungashaji wa Vifaa vya Redio ya Ridhaa kwa Safari za Milimani

Utangulizi

Neno ridhaa limezoeleka zaidi katika uwanja wa michezo, ambapo mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa hiari bila ya kulipwa. Dhana hiyo ndiyo msingi wa redio ya ridhaa: mawasiliano yanayoendeshwa na watu binafsi wenye leseni, si kwa biashara bali kwa kujifunza na kujiburudisha. Nchini Kenya leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za utambulisho za wanaredio wengi huanza kwa 5Z4.

Baadhi ya wanaredio hawa huondoka majumbani na kupanda milima wakiwa wamebeba mitambo yao mgongoni. Mpango unaojulikana zaidi katika shughuli hii ni Summits on the Air, ulioanzishwa nchini Uingereza tarehe 2 Machi 2002, na ambao umeenea katika nchi nyingi. Makala haya yanafafanua jinsi vifaa vya safari hiyo vinavyochaguliwa na kufungashwa, na sababu zinazofanya kazi hiyo iwe nzito kuliko inavyodhaniwa.

Kanuni na Athari Zake

Kanuni za mpango huo ndizo zinazotawala shanta ya msafiri. Kwanza, vifaa vyote sharti vibebwe hadi kileleni na wahusika wenyewe. Pili, umeme utoke katika chanzo cha kubebeka kama vile betri au paneli ya jua. Jenereta za mafuta zimepigwa marufuku. Tatu, ili mwanaredio apate alama za mlima, hana budi kuwasiliana na vituo vinne tofauti. Kwa hiyo, mtu aliyepanda Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uskoti wenye kimo cha mita 1,345, anaweza kufika kileleni kwa jasho jingi na kushuka mikono mitupu kwa sababu tu ya fyuzi moja iliyoungua.

Nishati

Haba na haba hujaza kibaba, na katika shanta kibaba hicho hulemea mabega. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina uzani wa zaidi ya kilo 2. Ndiyo maana wengi wamehamia betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo ni nyepesi zaidi kwa kiasi kilekile cha nishati.

Ukubwa wa betri hukadiriwa kwa hesabu, si kwa kubahatisha. Tuseme redio ya wati 5 hutumia ampea 0.45 inapopokea na ampea 2 inaporusha. Iwapo robo ya muda itatumika kurusha, wastani wa matumizi ni takriban ampea 0.84. Betri ya ampea-saa 4.2 basi itadumu kwa saa tano hivi. Kwa kuwa baridi hupunguza uwezo wa betri, ni busara kubakiza akiba na kuifunga betri katikati ya nguo. Aidha, betri za aina hii hazipaswi kuchajiwa katika halijoto iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maana huharibika.

Antena

Antena rahisi ya waya yenye urefu wa nusu ya wimbi hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa yaliyotajwa kwa megahezi. Kwa megahezi 14.2 jibu ni takriban mita 10, yaani mita 5 kila upande. Waya huo huviringwa kwenye kibao ili usijifunge mafundo, na huinuliwa kwa ufito mwepesi unaokunjika, mfano wa ule wa wavuvi. Kebo nyembamba hupunguza uzani lakini hupoteza nguvu nyingi zaidi kuliko kebo nene. Kwa hiyo ikatwe fupi kadiri inavyowezekana.

Utaratibu wa Kufungasha

Kosa la kawaida ni kuanza na redio. Utaratibu ulio salama huanza na uhai wa msafiri: koti la mvua, nguo za joto, maji, chakula, ramani, dira, tochi na kipenga. Katika milima ya Uingereza, mipulizo sita ya kipenga kwa dakika ni ishara ya kuomba msaada. Redio si badala ya vitu hivi, kwani betri ikiisha haimwokoi mtu.

Baada ya hapo hufuata betri, antena, kisha redio yenyewe. Vidude vidogo, yaani viunganishi, fyuzi za akiba, utepe wa kunatia, kamba na kisu, hutiwa katika kifuko kimoja chenye orodha yake. Daftari la kumbukumbu huambatana na penseli, kwa kuwa wino huchujuka kwa mvua. Vifaa vizito hukaa karibu na mgongo. Koti la mvua hukaa juu kabisa.

Jambo la mwisho hufanyika kabla ya safari: mtambo wote huunganishwa nyumbani kwa kutumia vitu vilivyomo ndani ya shanta pekee. Kiunganishi kilichosahaulika huonekana hapo, wala si kileleni.

Hitimisho

Tahadhari kabla ya hatari. Ufito ulioinuliwa juu ya kilele huweza kuvutia radi. Ngurumo ikisikika, antena hushushwa na msafiri huteremka hata kama amepata vituo vitatu tu. Shanta iliyofungashwa vyema humrahisishia uamuzi huo: kila kitu kina mahali pake, hukusanywa kwa dakika chache, na mwenyewe hurudi nyumbani salama. Mlima utamngoja siku nyingine.