Wauguzi walioigeuza ndege ya mizigo kuwa wodi

KATI ya majeruhi na wagonjwa 1,176,048 waliosafirishwa kwa ndege na jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ni 46 pekee waliofariki wakiwa safarini.

Ufanisi huo haukutokana na ubora wa ndege zilizotumika. Nyingi zilikuwa ndege za uchukuzi, zenye baridi na kelele, ambazo zilipeleka silaha na askari vitani na kurudi zikiwa zimefungwa machela. Siri ilikuwa mafunzo ya wauguzi waliosafiri ndani yake, pamoja na mamlaka waliyokabidhiwa ya kuamua la kufanya pasipo kumngoja daktari.

Mamlaka hayo hayakupatikana kwa urahisi. Historia ya wauguzi wa angani wa Marekani ni historia ya watu waliopewa kazi nzito kwanza, kisha wakatambuliwa baadaye.

Wazo la kumweka muuguzi ndani ya ndege lilikuwapo kabla ya vita. Mnamo Mei 15, 1930, muuguzi Ellen Church aliandika historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwahudumia abiria wa ndege, akiwa na kampuni ya Boeing Air Transport. Katika muongo huo, rubani Lauretta Schimmoler aliunda kikundi cha kuwaandaa wauguzi kwa kazi ya angani. Hata hivyo, wakuu wa jeshi hawakuona haja ya huduma hiyo.

Vita vilibadilisha mtazamo huo. Kufikia mwaka wa 1942, Marekani ilikuwa na wanajeshi katika mabara kadhaa, na majeruhi walikuwa wakikaa majuma mengi baharini kabla ya kufika kwenye hospitali kubwa.

Mnamo Januari 1943, Luteni wa Pili Elsie Ott, muuguzi aliyekuwa akihudumu mjini Karachi, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Uingereza, aliarifiwa kwamba angewasindikiza wagonjwa watano hadi Washington kwa ndege. Alipewa muda usiozidi saa 24 kujiandaa. Hakuwa amewahi kupanda ndege maishani mwake.

Miongoni mwa wagonjwa hao, wawili walikuwa wamepooza kuanzia kiunoni. Hakukuwa na daktari ndani ya ndege, na vifaa alivyokuwa navyo vilikuwa vichache. Safari ilipitia Salalah, Aden, Khartoum na Accra, ikavuka bahari ya Atlantiki hadi Brazil, kisha ikaelekea Marekani. Ilichukua takriban juma moja, ilhali kwa njia ya bahari na nchi kavu ingechukua miezi mitatu.

Baada ya kufika, Ott aliwaandikia wakubwa wake mapendekezo. Alitaka ndege za wagonjwa ziwe na hewa ya oksijeni, blanketi zaidi na vifaa zaidi vya kufungia vidonda. Aidha, alieleza kwamba sketi haikufaa kwa kazi hiyo na kwamba muuguzi alistahili kuvaa suruali. Mnamo Machi 1943 alikuwa mwanamke wa kwanza katika jeshi la Marekani kutunukiwa Medali ya Anga.

Wakati huo, mafunzo rasmi yalikuwa yameanza katika kambi ya Bowman Field, jimboni Kentucky. Kundi la kwanza lilifuzu Februari 18, 1943. Inasimuliwa kwamba wakati wa sherehe hiyo, Jenerali David Grant, daktari mkuu wa kikosi cha anga, alivua nishani yake ya mabawa na kumvisha Luteni Geraldine Dishroon, mwanafunzi aliyeongoza katika masomo.

Wauguzi hao walifunzwa jinsi ya kupakia machela, kujiokoa ndege inapoanguka baharini, na kuishi nyikani. Lakini somo lililokuwa na uzito zaidi lilihusu hewa yenyewe.

Kadiri ndege inavyopaa, ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua. Katika kimo cha mita 3,000, hupungua kwa karibu asilimia 30, na katika kimo cha mita 5,500 hubakia takriban nusu ya lile lililopo usawa wa bahari. Shinikizo linapopungua, hewa iliyofungika ndani ya mwili hutanuka. Askari aliyepigwa risasi kifuani, ambaye akiwa ardhini alionekana kuwa na nafuu, angeweza kushindwa kupumua akiwa angani kwa sababu hewa iliyonaswa kando ya pafu ilikuwa ikilibana. Vivyo hivyo, aliyejeruhiwa tumboni angezidiwa na maumivu.

Isitoshe, oksijeni huwa haba huko juu. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi ndiye wa kwanza kuathirika. Ndege nyingi za wakati huo hazikuwa na mitambo ya kuhifadhi shinikizo ndani yake, hivyo muuguzi alilazimika kuutambua mgonjwa anayebadilika rangi ya midomo katika mwanga hafifu, kisha ampe oksijeni au amwombe rubani ashuke chini zaidi.

Daktari aliwakagua wagonjwa kabla ya ndege kuondoka. Ikishapaa, muuguzi mmoja, akisaidiwa na mhudumu mmoja wa tiba, ndiye aliyewajibika. Ndege aina ya C-47 ilibeba machela kati ya 18 na 24. Katika wodi ya kawaida, muuguzi wa enzi hizo alitarajiwa kufuata maagizo ya daktari. Angani hakukuwa na wa kumwagiza.

Hatari nyingine ilitokana na sheria za vita. Kwa kuwa ndege hizo zilibeba pia askari na silaha, hazikuruhusiwa kuchorwa alama ya Msalaba Mwekundu. Adui alikuwa na haki ya kuzishambulia. Kwa sababu hiyo, wauguzi wote wa angani walikuwa watu waliojitolea kwa hiari yao.

Novemba 8, 1943, ndege iliyokuwa na watu 30, wakiwemo wauguzi 13, iliondoka Catania nchini Italia kwenda Bari kuchukua majeruhi. Ilipotea njia katika dhoruba na kutua kwa dharura nchini Albania, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Kwa majuma kadhaa walitembea milimani wakati wa baridi kali, wakifichwa na wanakijiji na kusaidiwa na wapiganaji wa msituni pamoja na maafisa wa Uingereza. Wengi wao walifika Italia Januari 1944. Wauguzi watatu waliotengana na wenzao katika mji wa Berat waliokolewa mwezi Machi.

Kwa jumla, takriban wauguzi 500 walihudumu katika vikosi 31 vya kusafirisha majeruhi kwa ndege. Kumi na saba kati yao walipoteza maisha vitani.

Licha ya mchango huo, vyeo vyao vilikuwa vya jina kwa muda mrefu. Muuguzi aliitwa luteni, lakini hakuwa na mamlaka na haki zote za afisa mwanamume wa cheo hicho. Sheria ya Juni 1944 iliwapa vyeo kamili kwa muda, na ni mnamo Aprili 1947 ambapo bunge la Marekani liliwapa hadhi hiyo kabisa.

Jeshi la Wanahewa la Marekani lilijitenga na Jeshi la Nchi Kavu Septemba 1947. Julai 1, 1949, lilipata kikosi chake cha wauguzi, likianza na wauguzi 1,199 waliohamishwa kutoka Jeshi la Nchi Kavu. Mkuu wa kwanza alikuwa Verena Zeller.

Mwaka mmoja tu baadaye vita vilizuka nchini Korea, na kikosi hicho kichanga kikaitwa kazini. Kapteni Lillian Kinkella Keil, aliyekuwa amefanya safari 250 za kuwabeba majeruhi katika vita vilivyotangulia, alirejea jeshini na kufanya nyingine 175.

Mabadiliko mengine yalifuata polepole. Wanaume waliruhusiwa kuwa wauguzi maafisa mwaka wa 1955. Sheria iliyozuia wanawake kupanda vyeo vya juu iliondolewa 1967, na mnamo 1972 Ann Hoefly akawa mkuu wa kwanza wa kikosi hicho kufikia cheo cha Brigedia Jenerali.

Hatari haikuisha. Aprili 4, 1975, Kapteni Mary Klinker alifariki ndege kubwa aina ya C-5 ilipoanguka karibu na Saigon, Vietnam, ikiwa imebeba watoto yatima.

Wakenya pia waliwahi kunufaika na huduma hii. Baada ya shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, ndege za Jeshi la Wanahewa la Marekani ziliwasafirisha baadhi ya majeruhi, Wamarekani na Wakenya, hadi hospitali ya kijeshi ya Landstuhl nchini Ujerumani.

Siku hizi mgonjwa mahututi husafirishwa akiwa na daktari, muuguzi na mtaalamu wa upumuaji, pamoja na mashine za kupimia mapigo ya moyo. Lakini kanuni ambazo timu hizo hufuata kuhusu kimo, oksijeni na hewa iliyonaswa mwilini ni zile zile walizojifunza wauguzi wa Bowman Field, wakati muuguzi alikuwa peke yake na machela 24.