Mtoto wa karyeri naye ana karti yake

Mtu mpya akifika kwenye karyeri, iwe upande wa Kasongo ao kule Kabambare, tunamuuliza nini kwanza? Karti yake ya mchimbaji. Kama hana, matata inaanza palepale. Lakini bibi yake akifika kisha siku mbili na mtoto mgongoni, hakuna mtu anauliza: fishi ya mtoto iko wapi? Ile fishi ya kilo na chanjo, karatasi inayokunjwa ndani ya kitambaa.

Mwenzetu mmoja wa komite, mtoto wake alizaliwa mjini. Chanjo za kwanza zote alizipata vizuri. Alipofika miezi 8, mchanga ulianza kutoa, baba akamwita bibi aje kumpikia. Fishi ikabaki kwa mama mkwe. Mwezi wa 9 ukapita, wa 10 ukapita. Mwezi wa 11 surua ikaingia kambini. Mtoto alipona, lakini jicho moja halioni tena. Baba aliniambia: "Hakuna mtu aliniambia ya kama ile ya miezi 9 ilikuwa inabakia." Alikuwa anajua bei ya gramu ya kila siku. Ile moja ndiyo hakujua.

Basi tuihesabu pamoja, sawa vile tunahesabu siku za produksyo. Mtoto akizaliwa: BCG ya kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14: sindano na matone ya kumkinga na kifaduro, pepopunda, dondakoo, polio na ugonjwa wa mapafu. Miezi 6: vitamini A. Miezi 9: surua na homa ya manjano. Hizi chanjo za kila siku hazilipwi. Kama umekosa siku, usione haya kurudi. Munganga anaangalia fishi na kuendelea pale palipoachwa, haanzi upya. Na kama fishi imepotea, uende hivyohivyo, uombe nyingine.

Juu ya surua, sisi watu wa Kasongo tuko na sababu ya pekee ya kusikia. Katika miaka ya 1970 wanganga wa hapa, pamoja na wale wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifuata watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Habari yao ilitoka mwaka 1981 katika Lancet, gazeti kubwa la wanganga la London. Waliona ya kama watoto waliochanjwa surua walikufa kidogo kuliko wale ambao hawakuchanjwa. Lakini waliandika pia jambo lililoleta mabishano mengi: watoto wakizidi kukua, ile tofauti ilikuwa inapungua. Wengine wakauliza kama sindano inachelewesha kifo tu. Utafiti uliofuata katika nchi nyingine, kama Bangladesh, ulionyesha ya kama faida ya chanjo inadumu. Mimi nachukua mafundisho mawili. Chanjo ya surua inaokoa, na jina la mji wetu limeandikwa katika habari hiyo. Na mtoto aliyechanjwa bado anahitaji chakula, maji safi na neti ya mbu.

Na surua haijaisha. Ile ya mwaka 2019 na mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6.000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Kambi ya karyeri ndiyo pahali inapopenda: nyumba za turubai zimebanana, watu wanatoka pande zote.

Sasa chakula. Mpaka miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Hata maji, hapana. Wazee wanasema mtoto ana kiu juu ya joto. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha ndani yake. Na maji ya karyeri tunayajua sisi wenyewe: ni kijito kilekile tunachooshea mchanga. Kisha miezi 6 anaendelea kunyonya, lakini anaanza kula. Uji mtupu wa muhogo unajaza tumbo bila kumjenga. Utie karanga zilizosagwa, ao samaki mkavu aliyetwangwa vizuri, na kijiko cha mawese. Ile rangi nyekundu ya mawese inasaidia macho. Mchele wa kwetu uliopondwa na sombe laini ni chakula kizuri cha mtoto. Akiharisha, asiachishwe ziwa: apewe maji ya ORS, na munganga atoe zinki. Akiwa na homa, ni siku ileile kwenye kituo cha afya, si kesho. Mashimo tuliyoyaacha yamejaa maji, na mbu wanazaa humo.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wababa ndio tunaleta nyumbani: merkure. Tunachoma dhahabu juu ya mbabula, mara nyingine ndani ya nyumba, mama ananyonyesha pembeni. Moshi ule hauonekani vizuri wala haunuki, lakini unaingia mwilini, na ubongo wa mtoto mchanga bado unajengwa. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga merkure baharini, watu wakala samaki. Ugonjwa ulijulikana mwaka 1956. Kulizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika, na mama zao walionekana karibu wazima. Basi, tusichome nyumbani hata siku moja, wala katika sufuria ya chakula. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asikae karibu na moto ule. Na baba aoge, abadilishe nguo, kisha ndipo abebe mtoto.

Wale wanaofanya kazi kwa kompanyi, sheria ya kazi ya mwaka 2002 iko wazi. Mama anapata wiki 14 za uzazi. Akirudi kazini, ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku kwa kunyonyesha, na yanalipwa kama kazi. Baba ambaye bibi yake amezaa anapata siku 2. Tuzidai, zisibaki kwenye karatasi. Na kwa wote: mtoto aandikwe kwenye état civil ndani ya siku 90, bila kulipa.

Lakini mama anayetwanga mawe kwenye karyeri hana kompanyi. Hana wiki 14, hana nusu saa. Kwake sheria ni sisi wenyewe. Ndiyo maana naomba kila komite na kila koperative mambo matatu, na hakuna hata moja linalodai pesa nyingi. La kwanza: daftari ya watoto wote wa chini ya mwaka 1 walio kambini, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. RECO wa kijiji atasaidia kuiandika. La pili: siku moja ya kilo kila mwezi. Twende tuongee na muuguzi mkuu wa kituo kilicho karibu. Wauguzi wana desturi ya kutoka na sanduku la baridi kuchanja vijijini, lakini wanahitaji kujua watoto ni wangapi na njia iko namna gani. PDG wa shimo awaachie wamama asubuhi ile bila kuwakata. La tatu: familia ikifika, fishi ionekane. Ikihama, fishi ihame nayo.

Mchanga ukikataa leo, unaweza kutoa kesho, ao shimo lingine litatoa. Miezi 9 ya mtoto inafika mara moja. Leo jioni, mbele ya kulala, umuulize bibi yako: fishi iko wapi, na siku gani inafuata? Kama hamuijui ninyi wawili, kesho asubuhi njia ni ya kituo cha afya, kisha ndipo karyeri.